Makombo

Asubuhi naokota mbawa.
Si manyoya, si majani: mbawa za nondo,
nyepesi kama risiti ya luku iliyofifia,
zimetawanyika barazani chini ya boriti ya tatu,
palepale, kila siku, kana kwamba kuna mtu hukaa hapo
akala ndani, akatupa maganda.

Yupo. Namjua kwa anachobakiza:
mguu wa nyenje wenye meno ya msumeno,
gamba la mbawakawa, jeusi, kama kifungo cha koti,
juzi sharubu za mende, ndefu, bado zimejikunja.
Mwili hauonekani. Mwili ndio chakula.
Na vinyesi, punje kavu za mchele mweusi;
nikizipasua kwa ncha ya sindano zinameremeta,
vumbi la waliokuwa wakiruka jana.

Mimi mshonaji. Tabata Kisiwani, nyumba ya Bi Salhina,
chumba cha mwisho, kinachotazama bonde la Msimbazi.
Usiku nashona sare za shule,
mlango wazi kwa sababu ya joto, tyubu inaunguruma kizingitini.
Wadudu wanapanda kutoka bondeni kuja kwenye mwanga wangu
na nyuma ya wadudu, wao.

Wa paani hutoka mwadhini hajamaliza,
mmoja mmoja kwenye ufa chini ya bati,
kama vifungo vinavyodondoka mfukoni,
kisha juu, juu kupita minara ya simu,
wanakula mbioni kama bodaboda na muhogo wake.

Yule wa boriti ana subira.
Masikio yake marefu kuliko uso.
Ananing'inia, anasikiliza. Nikisimamisha cherehani
nami nasikia anachosikia:
mende anatembea juu ya gazeti la kukatia.
Hana haja na taa yangu. Nyayo za mende zinamtosha.
Anashuka kama kitambaa kilichoteleza mezani,
anarudi juu, na mbawa zinaanza kudondoka.

Utotoni tulitegana: popo mbili zavuka.
Jibu, macho.
Hakuna aliyetuambia
kwamba popo mwenyewe huvuka kwa masikio.

Mvua za Machi, kumbikumbi wakafumuka ardhini.
Jirani yangu Kokugonza akatega beseni la maji chini ya taa,
akacheka, akasema kwao Muleba hii ni neema.
Popo wakapita juu ya kilemba chake,
yeye anachota, wao wanachota,
na luku yangu inawalipia wote.
Saa nne umeme ukakatika.
Beseni likabaki na lake.
Wao wakahamia kwenye taa za kituo cha mafuta.

Bi Salhina alisema dari inanuka. Kweli inanuka.
Alisema popo ni nuksi. Mwezi uliopita
alisema hivyo hivyo kuhusu wapangaji.
Akamwita Ngwelo, fundi, na nusu mfuko wa simenti.
Ngwelo akapanda ngazi jioni, walipokwisha kutoka,
akaziba, akaziba, akafika kona yangu.
Nikamwita ashuke anywe chai.

Elfu tano. Pesa ya sketi moja.
Nilimwonyesha kidole gumba.
Akakitazama, akanitazama mimi,
akaikunja noti mara nne.
"Nafasi ya kidole tu, dada?"
Kidole tu.

Alfajiri nililala chali, nikihesabu mikwaruzo:
wanatua ukutani, wanatafuta mlango wa jana, wanateleza.
Kimya.
Kisha mmoja akaupata.
Kisha wengine.

Leo Bi Salhina amesimama barazani,
ameshika ubawa mmoja wa nondo kwa vidole viwili
kama anayekagua hati ya kiwanja.
"Na hizi zinatoka wapi tena?"

Nina pini mdomoni.
Nashukuru kwa pini.